Nambari Halisi: Je, Ni Halisi Kweli?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi ilinibana. Leo nimerudi na hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta kikombe cha chai kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita niliandikia chama kimoja cha akina mama programu ya kuweka hesabu za mikopo. Ilikuwa programu ndogo tu: nani amekopa, riba ni kiasi gani, amelipa lini, amebakisha nini. Mweka hazina wao, mama mmoja mtu mzima, hakuacha daftari lake hata baada ya kuletewa kompyuta. Kila alichoingiza kwenye mashine alikiandika pia kwa kalamu. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo.

Siku moja akanipigia simu. "Mwanangu, hii mashine yako inasema huyu mama bado anadaiwa. Daftari langu linasema alimaliza mwezi uliopita." Nikamuuliza anadaiwa kiasi gani. Akanisomea polepole kutoka kwenye skrini: "Shilingi sifuri nukta sifuri sifuri."

Yaani mama wa watu alikuwa anadaiwa shilingi 0.00! Na kwa kuwa programu yangu haikumruhusu mtu kukopa tena kabla hajamaliza mkopo wa kwanza, alikuwa amenyimwa pesa za karo ya mtoto wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nimewaletea jambo baya zaidi, daftari linalodanganya.

Wenzangu wanaoandika programu wameshajua kosa lilikuwa wapi. Fungua Python au JavaScript, uandike hivi:

0.1 + 0.2

Utajibiwa hivi:

0.30000000000000004

Sababu yake si ngumu. Sisi tunaandika nambari kwa kumi-kumi. Ukitaka kuandika thuluthi kwa desimali, unapata 0.333... na tatu hizo haziishi. Kompyuta huandika kwa mbili-mbili, na kwake sehemu moja ya kumi ndiyo isiyoisha. Kwa kuwa haina nafasi ya kuandika milele, inakata mkia. Kanuni za ukataji huo ziliwekwa mwaka 1985, zinaitwa IEEE 754, na karibu kila kompyuta na simu unayoijua inazifuata. Katika programu yangu, baada ya malipo kadhaa yenye senti, salio la yule mama halikuwa sifuri bali kijisehemu kidogo mno. Skrini ilikionyesha kama 0.00, lakini programu ilipouliza "je, salio ni sawa na sifuri?" jibu likawa hapana.

Usidhani ni mambo ya senti tu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo huo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi ilikuwa imehifadhiwa ikiwa imekatwa mkia, kwa biti 24. Baada ya kufanya kazi mfululizo kwa saa 100 hivi, saa yake ilikuwa imekosea kwa takriban sekunde 0.34. Kombora la Scud husafiri mbali sana katika muda huo.

Nilirekebisha programu yangu, na nitasema mwishoni nilivyofanya. Lakini swali lilinibaki kichwani. Kompyuta haiwezi kushika nambari isiyoisha. Je, sisi tunaweza? Ni nani aliyetuhakikishia kwamba nambari hizo zipo? Nikaanza kusoma, nikagundua kwamba wanahisabati wenyewe walipigana vita juu ya jambo hili kwa karibu miaka sitini, tena vita vya kutosalimiana.

Tuanzie mwanzo. Nambari za kuhesabia, yaani 1, 2, 3, hakuna anayezibishia. Sehemu nazo, kama nusu, robo na thuluthi, ni nambari mbili za kuhesabia zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tatizo linaanza na nambari kama ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Wagiriki wa kale waligundua kwamba hakuna sehemu yoyote inayotimiza hilo. Ukiiandika kwa desimali unapata 1.41421356... na haiishi wala hairudii mpangilio wowote. Ukichanganya nambari zote za namna hii pamoja na sehemu zote, unapata zinazoitwa nambari halisi, zile zinazojaza mstari mzima bila kuacha pengo.

Kwa karne nyingi watu walizitumia bila kuuliza ni nini hasa. Mwaka 1872 Wajerumani wawili, Richard Dedekind na Georg Cantor, walichapisha kila mmoja njia yake ya kuzieleza. Cantor alitumia mfuatano: 1, 1.4, 1.41, 1.414 na kuendelea. Kwake, mfuatano huo mzima ndio nambari. Dedekind aliigawa mistari ya sehemu katika mafungu mawili: zilizo chini na zilizo juu. Kwake, mgawanyo huo ndio nambari. Angalia kwamba katika njia zote mbili, nambari moja tu inahitaji kitu kisicho na mwisho kichukuliwe kana kwamba kimekamilika na kiko mkononi.

Sisi tuna methali ya haba na haba hujaza kibaba. Weka nusu ya kibaba, halafu robo, halafu nusu ya robo, uendelee hivyo. Cantor anasema kibaba kimejaa. Mtu mwingine atakwambia: nionyeshe siku kilipojaa. Ugomvi wote umo humo.

Mtu huyo mwingine alikuwa Leopold Kronecker wa Berlin, aliyezaliwa 1823, na aliyekuwa mmoja wa walimu wa Cantor. Msemo wake unaokumbukwa sana, ambao wenzake waliusimulia baada ya kifo chake, ni kwamba nambari nzima zilitoka kwa Mungu na mengine yote ni kazi ya binadamu. Hakuwa akifanya mzaha. Alitaka hisabati yote ijengwe kwa nambari nzima, kwa hatua zinazohesabika na kuisha. Ukimwambia kitu kipo, ulitakiwa umwonyeshe njia ya kukipata. Kwa lugha yetu ya leo ningesema Kronecker hakukubali chochote ambacho huwezi kukiandikia programu.

Cantor alikuwa anaelekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1874 alithibitisha kwamba nambari halisi ni nyingi kuliko nambari za kuhesabia, ingawa zote hazina mwisho. Mwaka 1891 alitoa njia nyepesi ya kuonyesha jambo hilo, na ni rahisi kiasi kwamba naweza kuieleza hapa. Tuseme umeniletea orodha isiyo na mwisho ya desimali zote, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi naunda nambari mpya: tarakimu yake ya kwanza inatofautiana na tarakimu ya kwanza ya nambari yako ya kwanza, ya pili inatofautiana na tarakimu ya pili ya nambari ya pili, naenda hivyo hivyo. Nambari yangu haiwezi kuwemo katika orodha yako, kwa sababu inatofautiana na kila moja mahali fulani. Kwa hivyo hakuna orodha inayotosha.

Kronecker aliyapinga mawazo haya waziwazi. Cantor alitamani kufundisha Berlin lakini alibaki Halle maisha yake yote. Mwaka 1884 aliugua akili kwa mara ya kwanza, na alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Halle mwaka 1918. Waandishi wa zamani walimtwika Kronecker lawama zote. Waliochunguza baadaye wanaona kwamba ulikuwa ugonjwa ambao ungemjia hata bila Kronecker. Mimi nimevutiwa na jambo dogo lililotokea mwishoni. Cantor alishiriki kuanzisha chama cha wanahisabati wa Ujerumani, na kwa mkutano wa kwanza wa mwaka 1891 alimwalika Kronecker kuzungumza. Kronecker hakuweza kufika kwa sababu mkewe alipata ajali mlimani na kufariki. Yeye mwenyewe alifariki Desemba mwaka huo huo.

Kizazi kilichofuata kilimleta Mholanzi L.E.J. Brouwer. Katika tasnifu yake ya mwaka 1907 na makala ya mwaka 1908 aliligusa jambo ambalo hata Kronecker hakuliweka wazi: mantiki yenyewe. Sote tunaamini kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, hakuna njia ya tatu. Brouwer alisema sheria hiyo inafaa kwa vitu vinavyohesabika na kuisha. Ukiwa na gunia la maharagwe, unaweza kulimwaga na kutazama kama kuna jiwe. Gunia lisilo na mwisho huwezi kulimwaga lote. Ni nani basi aliyekupa ruhusa ya kusema ama jiwe limo ama halimo?

Alipenda kutoa mfano wa pai, ile 3.14159... Je, ndani ya tarakimu zake kuna mahali ambapo 0123456789 zinafuatana? Wakati wake hakuna aliyejua. Sasa tengeneza nambari mpya: kama mfuatano huo haupo, nambari yako ni sifuri. Kama upo na unaanzia nafasi ya n, nambari yako ni 1 ikifuatwa na nukta iliyosogezwa nyuma mara n, yaani kitu kidogo mno kilicho juu ya sifuri. Je, nambari hiyo ni sawa na sifuri? Cantor angesema ama ni sawa ama si sawa, hata kama hatujui. Brouwer alisema kabla hujawa na njia ya kujua, huna haki ya kusema lolote.

Wapenzi wa kompyuta, hapa ndipo pananifurahisha. Mwaka 1997 Yasumasa Kanada na wenzake huko Japani walikokotoa tarakimu za pai zaidi ya bilioni 51. Mfuatano huo ukapatikana, unaanzia kwenye tarakimu ya 17,387,594,880. Kumbe nambari ya Brouwer haikuwa sifuri!

Usifikiri basi kwamba Brouwer alishindwa. Unaweza kubadilisha swali tu. Mwaka 1742 Christian Goldbach alikisia jambo ambalo leo tunaliandika hivi: kila nambari shufwa iliyo juu ya 2 ni jumla ya nambari tasa mbili, yaani nambari zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hakuna aliyelithibitisha wala kulikanusha. Andika programu inayotoa desimali: kwa kila nambari shufwa inayofuata, ikiwa inatimiza sharti la Goldbach toa 0, ikishindwa toa 1. Programu hiyo unaweza kuiandika jioni moja, na ukitaka tarakimu ya milioni itakupa. Kompyuta zimeshakagua nambari shufwa hadi milioni milioni milioni 4, na zote zinatimiza. Kwa hivyo una nambari 0.000000... yenye sifuri kwa mabilioni ya mabilioni. Je, ni sawa na sifuri? Ni swali lile lile lililomnyima mama wa chama karo.

Brouwer alipata wafuasi. Hermann Weyl, mmoja wa wanafunzi hodari kabisa wa David Hilbert, alimuunga mkono hadharani katika makala ya mwaka 1921 na kuyaita mawazo yake mapinduzi. Weyl huyu alikuwa ameshawekeana dau na George Pólya huko Zürich mwaka 1918, kwamba katika miaka ishirini wanahisabati watakiri kuwa misingi ya nambari halisi ni ukungu mtupu. Muda ulipokwisha, wengi walikuwa upande wa Pólya.

Hilbert wa Göttingen, aliyekuwa mwanahisabati mwenye sauti kubwa kuliko wote wakati huo, alikasirika. Yeye mwenyewe alijipatia sifa miaka ya 1888 hadi 1890 kwa kuthibitisha kwamba kitu fulani katika aljebra lazima kiwepo, bila kuonyesha njia ya kukipata. Kwa Brouwer huko ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Kwa Hilbert, kumzuia mwanahisabati asitumie ile sheria ya ama-ndiyo-ama-hapana ni kama kumfunga bondia mikono. Mwaka 1925, katika mhadhara alioutoa Münster, aliapa kwamba hakuna atakayewafukuza katika peponi walikotiwa na Cantor.

Mwaka 1928 ugomvi ulishuka hadi kwenye mambo ya ofisini. Hilbert alimwondoa Brouwer kwenye bodi ya wahariri wa jarida la Mathematische Annalen. Albert Einstein naye alikuwamo kwenye bodi hiyo. Alikataa kuchukua upande wowote na akaufananisha mzozo huo na vita vya vyura na panya. Brouwer aliumia sana, akajitenga, na kwa miaka mingi hakuchapisha karibu chochote.

Hilbert alikuwa na mpango: athibitishe kwa njia zenye ukomo, ambazo hata Brouwer hangezikataa, kwamba hisabati ya Cantor haiwezi kujipinga. Mwaka 1931 Kurt Gödel alionyesha kwamba uthibitisho kama alioutaka Hilbert hauwezi kupatikana. Hakuna aliyeshinda vita. Watu walichoka tu wakarudi kazini, na wengi wao wakarudi peponi kwa Cantor. Wapo huko hadi leo.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1936 Alan Turing, kijana wa miaka 24, alichapisha makala ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha sayansi ya kompyuta. Watu husahau kwamba kichwa cha makala hiyo kinataja nambari zinazokokotoleka. Mashine yake ya kufikirika ilibuniwa ili kujibu swali hili: ni nambari halisi zipi zinazoweza kuandikwa tarakimu baada ya tarakimu kwa kufuata maagizo? Pai imo. Ile inayozaa 2 imo. Lakini kila programu ni maandishi tu, na maandishi yote yanaweza kupangwa katika orodha. Nambari halisi haziwezi kupangwa katika orodha, Cantor ameshatuonyesha. Kwa hivyo, kama unamkubali Cantor, karibu nambari halisi zote hazina programu yoyote ya kuzizalisha. Kronecker angesema, basi mnazitakia nini?

Turing pia alilazimika kuchapisha masahihisho mwaka 1937, kwa sababu kuandika nambari kwa desimali kuna mtego. Jaribu kujumlisha 0.333... na 0.666... ukisoma tarakimu moja moja bila kujua zitaendelea vipi. Tarakimu ya kwanza ya jibu ni 0 au 1? Ukiendelea kuona tatu na sita, unaweza kusubiri milele, kwa sababu tarakimu moja tu huko mbele inaweza kubadilisha jibu. Dawa aliyoitumia Turing ilitokana na Brouwer: badala ya tarakimu, tumia vipande vya mstari vinavyopishana na kuzidi kuwa vidogo.

Kuna waliokwenda mbali kuliko Brouwer. Mrusi Alexander Esenin-Volpin (1924-2016) alitilia shaka hata nambari kubwa za kuhesabia. Harvey Friedman amesimulia kwamba alimuuliza kama 2 ipo, akajibu ndiyo mara moja. Akamuuliza kuhusu 4, akajibu ndiyo baada ya kusita kidogo. Kila alipoizidisha mara mbili, Volpin alichelewa zaidi. Friedman akaelewa: atajibu ndiyo kila mara, lakini kwa nambari kubwa sana utakufa kabla hujapata jibu. Si mzaha wa mtu asiye na kazi. Volpin huyu huyu ndiye aliyeandaa maandamano ya tarehe 5 Desemba 1965 mjini Moscow, akiitaka serikali ya Kisovieti iheshimu katiba yake yenyewe. Mwaka 1968 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na wanahisabati 99 wakatia sahihi barua ya kumtetea. Mtu asiyekubali kitu kwa sababu tu kimeandikwa huwa hivyo kila mahali, katika nambari na katika siasa.

Mwaka 1967 Mmarekani Errett Bishop alitoa kitabu kilichowashangaza wengi. Hilbert alidhani ukimfuata Brouwer utapoteza nusu ya hisabati. Bishop alijenga upya sehemu kubwa ya hesabu za nambari halisi kwa njia ambazo kila "kipo" kina maana ya "hivi ndivyo utakavyokipata". Baadaye mawazo hayo yaliingia katika programu zinazokagua uthibitisho, kama Coq, ambayo mwaka 2025 ilibadilishwa jina ikawa Rocq. Ndani yake, uthibitisho na programu ni kitu kimoja.

Pengine unayo hata mfukoni. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, kikokotoo cha Google kwenye Android kinatumia kazi ya Hans Boehm. Hakihifadhi nambari iliyokatwa mkia, kinahifadhi maagizo ya kuikokotoa. Andika pai, halafu sogeza jibu kwa kidole, tarakimu zitaendelea kuja. Kitu kimoja tu hakiwezekani kwa ujumla: kuamua kama nambari mbili za namna hiyo ni sawa kabisa. Hiyo si hitilafu ya Google. Ndiyo Brouwer aliyokuwa akiyasema.

Je, nimekuwa mfuasi wa Kronecker? Sijui kama nina haki ya kuchagua, mimi ni fundi tu. Hisabati ya Cantor imewasaidia wahandisi kujenga madaraja, na hakuna daraja lililoanguka kwa sababu ya seti zisizo na mwisho. Lakini nimejifunza kuuliza, kila ninapoandika nambari yenye nukta: hii naweza kuikamata yote, au nimeshika mkia tu?

Kuhusu programu ya chama, nilikwenda kuomba msamaha mwenyewe. Nilipomweleza mweka hazina kilichotokea, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuhesabu senti tu?" Alimaanisha senti nzima, kama anavyohesabu sarafu mezani. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Shilingi 12.50 sasa huhifadhiwa kama senti 1250, nambari nzima isiyo na mkia, na nilipofika kwenye riba niliandika wazi senti iliyobaki inakwenda kwa nani. Yule mama alipata mkopo wake juma hilo hilo. Daftari bado lipo, na siku hizi nikitembelea chama hicho mimi ndiye ninayeliomba, ili nilinganishe.

Kwa leo tuishie hapo. Ukiwa na programu inayohesabu pesa za watu, nenda kaiangalie kabla hujalala.